Kabla hujaiacha 18-55 yako

Mpiga picha wa Dar es Salaam aliyeanza na kamera ya boksi moja, ile inayouzwa pamoja na lenzi ya 18-55, hufika siku akaanza kuichukia lenzi hiyo. Mara nyingi ni baada ya harusi mbili tatu. Ukumbi uko Sinza, taa ni za bluu na zambarau, MC kashika kipaza sauti, bibi harusi anaingia kwa madaha. Jamaa wa pembeni ana lenzi nene yenye mdomo wa milimita 82. Yeye ana kilenzi cha plastiki. Usiku akifungua kompyuta anakuta chengachenga kwenye nyuso, na mkono wa bibi harusi umefutika kabisa. Kesho yake anawauliza wenzake: ninunue 24-70 kama ile nene ya jamaa?

Majibu yatakuja ya kila aina. Huyu atasema lenzi ndiyo kila kitu, bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni boksi tu. Yule atasema 18-55 haina ubaya, nunua flashi ujifunze kuitumia. Mwingine atashauri uuze vyote uhamie mirolesi, zile kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Hawabishani bure, maana kila mmoja anajibu tatizo lililomkuta yeye. Swali la kubadilisha zumu ya kawaida limefungasha ndani yake maswali ya mwanga, ya upana, ya ukali wa picha, ya fokasi na ya pesa. Ukiyachanganya utalipia usichokihitaji, na kile unachokihitaji kitaendelea kukusumbua Jumamosi ijayo.

Namba iliyoandikwa kwenye lenzi

Anza na maandishi ya kwenye lenzi yenyewe: 18-55mm, 1:3.5-5.6. Namba za kwanza ni upana na uvutaji. Kwenye 18 unaona chumba kizima, kwenye 55 unavuta uso. Za pili ndizo zenye ugomvi. Namba ya f ni hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi (zile milimita) kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Ukivuta hadi 55 na tundu likawa f/5.6, kipenyo chake ni karibu milimita 10. Lenzi ya f/2.8 ikiwa kwenye 55 hiyohiyo ina tundu la karibu milimita 20. Kipenyo ni mara mbili, eneo ni mara nne, na mwanga unaoingia ni mara nne.

Uzito na bei vinatokea hapohapo, kwa sababu tundu kubwa linadai vioo vikubwa vilivyochongwa kwa umakini zaidi. Canon EF-S 18-55mm IS STM ina gramu 205. Canon EF 24-70mm f/2.8L II ya mwaka 2012 ina gramu 805, na ilitangazwa kwa bei ya dola 2,299.

Mara nne ni nyingi, hilo halina ubishi. Kwa mwanga uleule wa ukumbi, ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga ambacho kikipanda huleta chengachenga, inashuka kutoka 6400 hadi 1600. Au ukiiacha ISO ilipo, shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, inapanda kutoka 1/50 ya sekunde hadi 1/200. Lakini rudia kusoma ile namba, f/3.5 hadi f/5.6. Hiyo 5.6 ni ya mwisho wa kuvuta. Ukiwa kwenye 18, lenzi yako tayari inafunguka hadi f/3.5, na kutoka hapo kwenda f/2.8 unaongeza mwanga kama mara moja na nusu tu. Kwa hiyo anayepiga zaidi picha pana, za ukumbi mzima, meza ya kamati, msururu wa wageni kwenye chakula, atalipa bei kamili kwa faida ndogo. Anayevuta nyuso mpaka mwisho wa zumu ndiye anayezipata zile mara nne.

Ukimuuliza mtu yuko kundi gani, atakujibu haraka, na mara nyingi picha zake zitamkanusha.

Picha zako zimeshajibu

Kila faili la picha limehifadhi taarifa za jinsi lilivyopigwa. Kwenye Windows bofya kulia juu ya picha, ingia Properties, kisha Details. Kwenye kamera bonyeza Info au DISP wakati unaitazama picha. Utaona milimita, namba ya f, shata na ISO. Chukua kazi moja nzima, kuanzia maandalizi ya saluni hadi watu wanapoaga, na usichague zile ulizozipenda. Kama unatumia Lightroom, programu ya kuhariri picha, kichujio chake cha Metadata kinaweza kuzipanga zote kwa urefu wa fokasi, ukaona zimerundikana wapi.

Zikirundikana kwenye 55, na nyingi umezikata baadaye ili kumsogeza mtu karibu, basi unachotafuta ni lenzi ndefu: 55-250, 70-200, au 85 isiyo na zumu. 24-70 itakuongezea milimita 15 na utaendelea kukata picha vilevile. Zikirundikana kwenye 18 huku umeegemea ukuta, unataka lenzi pana, mfano EF-S 10-18mm kwa wenye Canon. Zikitawanyika katikati, hapo zumu ya kawaida yenye tundu kubwa inaanza kuwa na hoja.

Halafu chukua picha moja mbovu uikuze hadi asilimia 100. Tuseme ni ile ya bibi harusi anayecheza: 55mm, f/5.6, 1/60, ISO 6400. Kabla ya uso wake, tazama kitu kisichosogea kilicho umbali sawa na yeye, labda maua ya meza aliyosimama kando yake. Maua yakiwa makali na mkono umefutika, aliyesogea ni yeye. Dawa ni shata ya kasi zaidi, na shata ya kasi inadai mwanga. Mfumo wa kutuliza mtikisiko, ule unaoandikwa IS, VR, OSS, OS au VC kutegemea kampuni, hautakusaidia kitu hapo, kwa sababu unatuliza mkono wako na hauna uwezo juu ya anayecheza. Lenzi ya f/2.8 itakusaidia.

Maua nayo yakiwa yamevutika kuelekea upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika. Mengi ya hayo yanaisha kwa kubana viwiko mbavuni na kuwasha IS iliyomo tayari kwenye lenzi yako ya bei rahisi. Na hapa kuna kinaya kidogo: ile 24-70 ya dola 2,299 haina IS kabisa. Mambo ya mbele au ya nyuma yakiwa makali kuliko uso, fokasi ilikosea, na hilo ni suala la uliiweka wapi nukta ya fokasi kabla halijawa suala la lenzi.

Kama kila kitu ni kikali ila uso una chengachenga, shida ni ISO tu. Tangu Aprili 2023 Lightroom ina kisafisha chengachenga kinachotumia akili mnemba, nacho kimezipa umri mrefu kamera nyingi za zamani. Kinataka uwe umepiga RAW, yaani faili ghafi na si JPEG, na kompyuta yenye kadi ya michoro inayoeleweka, vinginevyo utaondoka kunywa chai na kurudi kabla picha moja haijaisha. Ukishakuwa nacho, ile hoja ya kununua f/2.8 ili tu kushusha ISO inapungua nguvu. Mkono uliofutika, hata hivyo, hakuna programu itakayourudisha kwa uaminifu.

Kuna na aina nyingine ya picha mbovu, yenye namba nzuri kabisa: f/8, 1/250, ISO 200, pale Coco Beach saa saba mchana. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linasimama utosini, macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso, na ngozi inang'aa jasho. Lenzi ya bei yoyote italeta picha hiyohiyo. Waambie maharusi waje saa kumi na moja jioni.

Kuhusu ukali wa picha kwa ujumla sitakaa sana. Lenzi ya 18-55 ya miaka hii, ikibanwa hadi f/8, ni kali kuliko sifa inayopewa mitaani. Pembeni mwa picha italegea kidogo, na ikifunguliwa yote italegea zaidi. Lakini picha ya A4 iliyochapishwa vizuri inahitaji pikseli milioni 9 hivi, na mteja wako ataziona nyingi kwenye WhatsApp ambayo inazibana kabla hazijamfikia. Anayechapisha mabango makubwa au anayekata vipande vidogo kutoka kwenye picha ataona tofauti. Wengine tunaiona kwa sababu tumeambiwa ipo.

Taa za ukumbi zina sheria zake

Kuna jambo ambalo matangazo ya lenzi hayalitaji. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Shata ya 1/200 au 1/500 inakamata kipande tu cha mzunguko huo. Matokeo ni mistari ya giza inayokatiza picha, au picha moja ya njano na inayofuata ya kijani. Shata ya 1/100 au 1/50 inameza mzunguko mzima, na mistari inapotea au inapungua sana.

Maana yake, mwenye f/2.8 katika ukumbi wa taa hizo hawezi kuzitumia mara nne zake zote kwenye kasi. Atakwamia karibu na 1/100, na faida iliyobaki ataipeleka kwenye ISO. Bado ni faida, ila ndogo kuliko alivyoahidiwa dukani. Baadhi ya kamera mpya zina mpangilio wa kusubiri taa ifike kileleni ndipo zipige. Kama yako inao, uwashe. Na kama una mirolesi, zima shata ya kimya ukiwa ukumbini, maana ndiyo inayoleta mistari mibaya zaidi.

Kwa kazi ya video hoja inageuka na kuwa nzito upande wa kununua. 18-55 ukiivuta katikati ya kurekodi, tundu linajibana lenyewe kutoka f/3.5 kwenda f/5.6 na picha inaingia giza mbele ya macho ya mtazamaji. Lenzi yenye f/2.8 mwanzo mpaka mwisho haifanyi hivyo. Anayepokea tenda za sendofu na kicheni pati za video, na anapenda kuvuta huku anarekodi, ana sababu halali kabisa hata kama picha zake za mnato hazina neno.

24-70 ya nani?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Kamera nyingi zilizo mikononi mwetu, Canon 600D na 700D, Nikon D3500 na D5600, Sony a6000 na ndugu zake, zina sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ndogo, iitwayo APS-C. Kwa sensa hiyo unazidisha milimita kwa 1.6 kwa Canon, na kwa 1.5 kwa Nikon na Sony, ili kujua lenzi inaona kwa upana gani ukilinganisha na sensa kubwa ya ful-fremu. 18-55 kwenye Canon inaona kama 29-88. Lenzi ya 24-70 ilibuniwa kwa ful-fremu. Ukiifunga kwenye 700D inakuwa kama 38-112.

Kwa mita halisi ni hivi. Umesimama sebuleni Mbagala, mgongo umegusa pazia, familia iko mita tatu mbele yako. Kwenye 24 ya sensa ndogo ya Canon utaona upana wa mita 2.8. Kwenye 18 utaona mita 3.7, na kwenye 17 karibu mita 3.9. Tofauti hiyo ya mita nzima ni mama mkubwa na shangazi wawili. Utawaambia wasogee, watabanana, na picha ya familia itatoka kama ya kwenye daladala.

Zumu ya kawaida ya sensa ndogo inaanzia 16, 17 au 18. Canon walitoa EF-S 17-55mm f/2.8 IS mwaka 2006, lenzi nzuri yenye sifa mbaya ya kuvuta vumbi ndani. Nikon wana 17-55mm f/2.8 yao. Tamron wana 17-50mm f/2.8 ya zamani, ina kelele ikitafuta fokasi ila picha zake ni safi. Sigma walitoa 17-50mm f/2.8 OS mwaka 2010, gramu 565. Kwa mtu mwenye 700D au D5600 anayepiga harusi, hiyo Sigma iliyotumika na kupimwa vizuri ndiyo ningemshauri bila kusitasita, ingawa haina jina la kutambia. Wenye Sony na Fujifilm wamependelewa zaidi, maana Sigma 18-50mm f/2.8 DC DN ya 2021 haifiki gramu 300, na tangu 2024 ipo pia kwa Canon za RF, yaani mirolesi zao, zenye sensa ndogo.

"Lakini nitahamia ful-fremu," utasema. Sawa, lini? Kama bodi imeshalipiwa nusu, nunua 24-70. Kama ni ndoto ya siku moja, utafanya kazi miaka miwili ukiwa umeegemea kuta. Ukifikiria kuhama, angalia pia ufungaji. Lenzi za EF za Canon, zile za ful-fremu, zinafanya kazi vizuri kwenye mirolesi zao za R kwa adapta. Za EF-S, zile za sensa ndogo, nazo zinaingia, ila kamera ya ful-fremu itakata picha, na R6 yenye pikseli milioni 20 itakubakishia chini ya milioni 8. Kwa Nikon, adapta yao ya kwenda kwenye mirolesi za Z inaendesha fokasi ya lenzi zenye mota yake ndani tu.

Mwenye ful-fremu tayari ana uchaguzi mpana na hesabu nyepesi. Tamron 28-75mm f/2.8 kwa Sony ilitoka 2018 ikiwa na gramu 550 na bei ya dola 799. Sigma 24-70mm f/2.8 Art ya 2019 ilianza kwa dola 1,099. Sony 24-70mm f/2.8 GM II ya 2022, gramu 695, ilianza kwa 2,299. Kati ya Tamron na Sony kuna tofauti za kweli, hasa zile milimita nne za upana na kasi ya fokasi, lakini sijaona mteja wa kicheni pati aliyelipa zaidi kwa ajili yake.

Usiidharau pia f/4. Anayepiga semina za mashirika kwenye hoteli za Posta, uzinduzi wa miradi, mahafali ya mchana, yuko kwenye mwanga wa kutosha na anahitaji kuvuta mtoa mada bila kusimama mbele ya watu. Canon 24-105mm f/4L ina IS na inafika mbali. Kwa kazi hizo naiona bora kuliko 24-70 f/2.8, na ni nafuu.

Pesa ndogo kwanza

Canon EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125, na ina gramu 160. Ukilinganisha f/1.8 na f/5.6 unapata mwanga karibu mara kumi. Kwa bei ya 24-70 L ungenunua 50 kama kumi na nane. Kwenye sensa ndogo inaona kama 80, yaani ni lenzi ya uso: bibi harusi akipakwa vipodozi, mzee akitoa nasaha, watoto wa maua. Sebuleni itakubana, na huwezi kuvuta. Ila kwa aliyebaini kwamba picha zake mbovu zote ziko kwenye 55, hii inatibu tatizo lilelile kwa sehemu ndogo sana ya bei. Wenye Nikon za DX, yaani za sensa ndogo, wana 35mm f/1.8, pana zaidi kidogo.

Tundu kubwa nalo lina gharama yake. Kwa sensa ndogo, mtu akiwa mita mbili kutoka kwako, 55mm kwa f/2.8 inakupa kina cha ukali, yaani eneo linalotoka kali kutoka mbele hadi nyuma, cha sentimita 14 hivi. Kwa f/5.6 ni 28. Uso mmoja unatosha ndani ya 14. Kamati ya harusi iliyojipanga safu mbili haitoshi, hata ukirudi nyuma bado utataka f/5.6 au f/8, na ukifika huko lenzi ya dola elfu mbili na lenzi ya boksi zinapokea mwanga uleule. Kinachookoa picha ya kamati usiku ni flashi.

Na flashi ya kuelekeza juu inataka dari jeupe lililo karibu. Kumbi zetu nyingi zina dari refu lililofunikwa vitambaa vya rangi ya sherehe, kwa hiyo ukipiga juu ya kitambaa cha zambarau, nyuso zinarudi za zambarau. Fika mapema, tazama juu, kisha uamue kama flashi itaelekea dari, ukuta wa nyuma yako, au itafungwa pembeni kwenye stendi. Ukumbi mweusi usio na ukuta wa karibu ndio unaokupa sababu bora kuliko zote ya kudai f/2.8.

Kama bado hujui, kodi. Wapo wapiga picha mjini wanaokodisha lenzi kwa siku. Chukua ile unayoitamani kwa harusi moja, kisha fungua tena Properties na ulinganishe namba na za kazi iliyopita. Ukikuta umeitumia kwa f/2.8 sehemu kubwa ya usiku, una jibu. Ukikuta uliibana hadi f/5.6 muda mwingi, una jibu pia.

Kaunta ya Kariakoo

Lenzi nyingi tunazonunua ni zilizotumika, na muuzaji ana maneno yake. "Hii imetoka Dubai, bosi, haina hata mwezi." Mjibu kwa upole: "Sawa kaka, naomba niifunge kwenye kamera yangu." Akikataa, aga uondoke.

Kabla ya kuifunga, toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma na utazame kwa mbele kwa kuinamisha. Punje chache za vumbi hazina madhara. Unachotafuta ni nyuzinyuzi zinazotawanyika kama mizizi kwenye kioo, hizo ni kuvu, na lenzi yenye kuvu iache hata ikipunguzwa bei nusu. Tazama skrubu za kwenye chuma cha kufungia. Zikiwa na michubuko, imewahi kufunguliwa. Zungusha zumu taratibu mwanzo hadi mwisho ukisikiliza kama kuna mchanga.

Ifunge sasa. Piga ukuta wa vigae au ukurasa wa gazeti uliobandikwa, ukiwa umesimama wima mbele yake, kwa f/2.8, kwenye upana, katikati na mwisho. Linganisha kona nne. Zote zikilegea kidogo kwa usawa, ni kawaida. Kona moja ikilegea peke yake, kuna kioo kimehama ndani, na huenda lenzi iliwahi kuanguka. Kisha piga kwa f/8 na f/16, jambo ambalo wengi hulisahau. Kwenye baadhi ya lenzi, 24-105 f/4L ya kwanza ikiwa mfano maarufu, utepe mwembamba unaoendesha tundu huchakaa. Lenzi inapiga vizuri ikiwa wazi, ukiibana tu Canon inakuandikia Err 01.

Mwisho pima fokasi kwa njia mbili, ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia na ukitumia skrini. Skrini ikitoa picha kali na kitundu kikatoa legevu, lenzi na bodi hazijaelewana. Kamera za ngazi ya juu zina mpangilio wa kusawazisha hilo. 700D na wenzake hawana. Iache. Wenye D3500 na D5600 waangalie pia herufi: kwa lenzi za Nikon zinahitaji AF-S au AF-P. Lenzi ya Nikon iliyoandikwa AF peke yake itafunga vizuri, itapiga picha, ila fokasi utaizungusha kwa mkono.

Ukishainunua, adui wa kwanza ni hewa ya hapa. Kuvu hupenda unyevu unaozidi asilimia 60 na giza lisilo na upepo, na mkoba uliofungwa chini ya kitanda Dar ndiyo nyumba yake. Kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Lenga kati ya asilimia 40 na 50. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kikali kwenda nje kwenye joto, acha lenzi ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu, la sivyo kioo kitajaa umande palepale maharusi wanapopanda gari.

18-55 yenyewe usiiuze. Bei utakayopewa ni ndogo, na siku utakapotaka kuuza bodi, mnunuzi atauliza kwanza kama ina lenzi. Mpaka wakati huo iweke kwenye kona ya begi. Ni gramu 205, na ile Sigma ikigoma katikati ya kukata keki, hutakuwa na muda wa kukodi nyingine.